Kuonja biri nyembamba ya daraja la juu: mwongozo kamili

Wengi wanaoanza kuonja biri, yaani tumbaku iliyosokotwa kwa majani ya tumbaku yenyewe, hukimbilia zile nene. Zinajaza mkono, zinatoa moshi mwingi, na mwenye nayo anaonekana mtu wa maana. Nyembamba huachwa kwenye sanduku ikidhaniwa ni ya wasioweza biri kamili. Sivyo hata kidogo. Biri ndefu nyembamba, hasa za maumbo yaitwayo lansero na panetela, humpima aliyeisokota na humpima anayeivuta, maana haina pa kufichia kosa. Karibu kila lawama utakayoisikia juu yake, kwamba ni chungu, ni kali, inaziba, inachoma ulimi, inatokana na mambo mawili: unyevu uliozidi na pupa. Hatua zote zilizo hapa chini zinahusu kuyakwepa hayo mawili.

Ijue kabla hujainunua

Unene wa biri hupimwa kwa geji, na geji moja ni sehemu moja ya 64 ya inchi. Lansero ya asili ina geji 38, yaani kipenyo cha milimita 15 hivi, na urefu wa milimita 192. Panetela nyingi zina unene unaokaribia huo au chini yake kidogo, ila ni fupi. Robusto, ambayo ndiyo biri ya kawaida ya watu wengi siku hizi, ina geji 50, karibu milimita 20, na urefu wa milimita 124.

Umbo la lansero limefungamana na kiwanda cha El Laguito mjini Havana, Kuba, ambako biri za Cohiba zilianza kusokotwa miaka ya 1960 kwa ajili ya Fidel Castro na wageni wa serikali yake, kabla ya kuuzwa hadharani mwaka 1982. Ndiyo maana viwandani huko umbo hilo huitwa Laguito No. 1. Laguito No. 2 ina unene uleule wa geji 38 lakini urefu wake ni milimita 152, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi kukaa na biri moja zaidi ya saa nzima.

Sasa tuje kwenye kiini. Biri ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kuyafungia, na jani la nje linalovikwa mwisho. Mzingo wa biri hukua sawasawa na kipenyo chake, ila nafasi ya ndani hukua kwa mraba wa kipenyo. Piga hesabu: ukitoka geji 50 ukaja geji 38, sehemu ya jani la nje katika mchanganyiko, ukilinganisha na ya ndani, hupanda kwa karibu theluthi moja. Jani la nje huwa ndilo lililochaguliwa kwa uangalifu zaidi na mara nyingi ndilo la bei kubwa kuliko yote. Kwenye biri nene linasikika kwa mbali. Kwenye lansero ndilo linaloongoza mazungumzo.

Kwa hiyo ukichagua biri nyembamba, anza kwa kuuliza jani la nje limetoka wapi. Jani la Connecticut, Marekani, lililokuzwa chini ya vivuli vya kitambaa, mtindo ulioanza huko mwaka 1900, ni la rangi hafifu na ladha laini yenye krimu na nyasi kavu. Ekuador hutoa majani ya aina hiyohiyo na mengine mengi bila kutandaza kitambaa, kwa kuwa mawingu yenyewe hulikinga shamba. Jani la Kameruni ni jembamba, lina vijipele vidogo unavyoweza kuvipapasa kwa kidole, na lina utamu wenye viungo kiasi. Jani jeusi la bonde la San Andrés, Meksiko, lililochachushwa kwa muda mrefu, huleta kakao, kahawa na udongo. Kwa maoni yangu Kameruni na lansero ziliumbwa ziwe pamoja, lakini mtu anayependa biri nyepesi aanze na Connecticut.

Kuna jambo jingine linalotokana na wembamba. Majani ya ndani si ya namna moja. Ya juu ya mmea, yaitwayo ligero, ni mazito, yana nguvu, na huungua polepole. Ya katikati huleta harufu. Ya chini husaidia biri iendelee kuwaka. Katika milimita 15 hakuna nafasi ya kurundika ligero, kwa hiyo msokotaji hulazimika kuchagua majani machache na kuyapanga sawa. Jani moja likizidi au likipinda, njia ya moshi inaziba. Viwanda vingi huwapa kazi hii mafundi waliokomaa tu.

Kuikagua

Ishike kwa vidole viwili na uiminye taratibu kuanzia mguuni, upande utakaowashwa, hadi kichwani. Unatafuta usawa. Sehemu laini inayobonyea ina pengo, na hapo biri itaungua haraka na kupata moto. Sehemu ngumu ni mbaya zaidi, hasa ikiwa karibu na kichwa, kwa sababu huko ndiko moshi wote unakopita. Fundo moja gumu kwenye biri ya geji 54 moshi utalizunguka. Kwenye geji 38 hautakuwa na pa kupitia.

Kisha itazame mguuni. Majani yaonekane yamekunjwakunjwa na kuacha vijinafasi vidogo kati yake. Jani la nje liwe na mng'ao kidogo wa mafuta, mishipa yake isiwe minene, na mshono uzunguke bila kuachia. Kitundu kidogo cha mviringo, kana kwamba kimetobolewa kwa sindano, ni kazi ya mdudu wa tumbaku. Usiiweke biri hiyo pamoja na nyingine. Na yule anayeisokotasokota biri sikioni ili asikie inavyolia, mwache ajipasulie yake.

Kuihifadhi na kuikausha

Kanuni iliyozoeleka ni unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 16 hadi 21 za selsiasi. Kwa biri nyembamba mimi hushuka hadi asilimia 62 au 65. Majani yenye maji huvimba, na kwa kuwa nafasi ya ziada humo ndani ni ndogo, uvimbe huo ndio unaokufanya uvute mpaka mashavu yabonyee bila kupata kitu. Joto likikaa juu ya nyuzi 24 au 25, mayai ya mdudu wa tumbaku yanaweza kuanguliwa, na hasara yake si ya biri moja.

Usikiamini kipima unyevu kwa sababu tu kilikuja na sanduku. Kipime kwanza. Weka kijiko cha chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka chumvi ilowe na kuwa nzito bila kuyeyuka, kisha kitie kifuniko hicho na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofunga vizuri. Acha usiku kucha. Hewa ndani ya mfuko itatulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, ujue siku zote kinapunguza tano, basi uwe unaziongeza kichwani.

Siku moja au mbili kabla ya kuvuta, itoe lansero yako uihamishie kwenye kisanduku cha mbao kisicho na chanzo chochote cha unyevu. Watu wa biri nyembamba za Kuba wana mazoea hayo, na faida yake utaiona mara moja: moshi unapita kwa urahisi, na moto hauzimi kila dakika.

Kuhusu afya, bila kuzungukazunguka

Moshi wa biri unasababisha saratani ya mdomo, koo, umio na mapafu. Hakuna kiwango kilicho salama, na wembamba wa biri haupunguzi hilo. Usioneshe ufundi wako ndani ya chumba chenye watoto au mjamzito, na kama hujafikia umri unaoruhusiwa na sheria ya unakoishi, mwongozo huu si wako.

Moshi wa biri hauingizwi kifuani. Tofauti na ule wa sigara nyingi za kawaida, moshi huu una asili ya alkali, kwa hiyo nikotini hupenya kupitia ngozi laini ya mdomo hata usipoumeza. Kwa sababu hiyo usivute ukiwa na njaa. Ukianza kutoka jasho la baridi, kichwa kikawa chepesi na tumbo kuchafuka, iweke biri chini, toka nje upate hewa, kunywa maji na ule kitu kitamu. Usijikaze ukisema imebaki kidogo.

Kukata

Kichwa cha lansero ni kidogo, na mara nyingi humalizikia kwa kijimkia cha jani kilichosokotwa. Tumia kikatio chenye wembe mbili zinazokutana, tena zenye makali ya kweli. Kile cha kutoboa tundu hakifai hapa: tundu lake huacha ukingo mwembamba mno, na jani linalofunika kichwa hupasuka. Kata chini kidogo ya kijimkia, milimita moja na nusu hadi mbili tu, juu ya pale kichwa kinapoanza kunyooka kuwa mwili. Ukishuka zaidi ya hapo utaufungua mshono, na jani la nje litaanza kufumuka mdomoni mwako. Kata kidogo, ukiona haitoshi utakata tena.

Ikate kwa pigo moja la haraka. Wembe ukienda kwa kusitasita hulibana jani badala ya kulikata.

Kuionja kabla ya moto

Hatua hii wengi huiruka. Inuse kwanza jani la nje, kisha mguuni, utagundua harufu mbili tofauti. Halafu iweke mdomoni, uvute hewa bila kuwasha. Hapo unachunguza mambo mawili. La kwanza ni upitaji: uwepo ukinzani mdogo unaousikia, lakini usilazimike kutumia nguvu. La pili ni ladha baridi. Huenda ukapata nyasi kavu, mbao, pilipili manga mdomoni, au utamu fulani. Ukisikia ukali unaopanda puani, ule wa amonia, biri hiyo bado ni changa na majani hayajamaliza kuchacha; irudishe sandukuni ipumzike miezi kadhaa.

Ikiwa imeziba kabisa, jaribu kuipapasa kwa upole pale penye ugumu, au pitisha sindano ndefu maalumu ya biri kuanzia kichwani. Ikishindikana iache. Kupambana na biri iliyoziba kwa saa nzima ni kujitesa tu.

Kuwasha

Tumia kiberiti cha mti au kiberiti cha gesi ya butani chenye mwali laini. Kile kinachovuma kwa mwali mkali wa buluu kinafaa kwenye upepo na kwenye biri nene. Mguu wa milimita 15 unaweza kuugeuza mkaa kabla hujasema lolote, na uchungu wa mkaa huo utakufuata nusu saa nzima. Kiberiti cha petroli kiepuke, kinaacha harufu yake kwenye tumbaku. Ukiwasha kwa njiti, subiri kichwa cha njiti kiishe kuungua kwanza.

Shikilia biri kwa pembe, mguu ukiwa sentimita moja hadi mbili juu ya mwali, usiguse. Zungusha taratibu. Kwanza ukingo utakuwa mweusi, kisha kijivu, kisha utaona nyekundu ikianza kutambaa kuelekea katikati. Hapo ondoa moto, ugeuze mguu uutazame, upulize kwa upole. Kaa likiwaka pande zote kwa mwanga mmoja, umemaliza. Pakiwa na upande uliolala, uguse kwa mwali upande huo tu. Ndipo uweke mdomoni, uvute mara moja kidogo, na moshi huo wa kwanza uutoe bila kuuonja sana.

Mwendo

Hapa ndipo kazi ilipo. Kaa la lansero ni dogo na limezungukwa na hewa kila upande. Ukivuta kwa nguvu, hewa yote hupita kwenye eneo hilo dogo, joto hupanda ghafla, na mafuta yenye harufu nzuri huungua badala ya kugeuka mvuke. Kinachobaki ni uchungu. Biri nene inakusamehe kidogo, hii haisamehi.

Anza na mvuto mmoja kila baada ya dakika moja hadi moja na nusu. Mvuto wenyewe uwe mfupi, sekunde mbili hivi, wa upole kama unayeonja chai ya moto. Wengine, nikiwemo mimi, huvuta mara mbili: wa kwanza mdogo sana wa kuliamsha kaa, wa pili wa kuonja. Moshi uwe mchache kuliko ulivyozoea. Anayepima biri kwa ukubwa wa wingu arudi kwenye robusto.

Usitegemee saa ya mkononi peke yake. Shika biri kwa kidole gumba na cha shahada, sentimita mbili au tatu nyuma ya kaa. Ikiwa vuguvugu, endelea. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya utake kuondoa vidole, iweke chini na usiiguse kwa dakika mbili. Dalili nyingine iko kwenye majivu: yakidondoka ukaona kaa limechongoka na kuwa refu, umekuwa na haraka.

Upande wa pili nao upo. Biri nyembamba husinzia upesi ikisahauliwa. Ikizimika, si aibu. Kung'uta majivu, puliza kwa upole kuelekea nje ili moshi uliolala ndani utoke, kisha uiwashe upya. Fanya hivyo ndani ya dakika chache. Ikikaa saa nzima imezimika, ladha yake itakuwa ya majivu makuukuu.

Majivu yenyewe usiyashindanie. Kwenye biri nene yanaweza kusimama sentimita kadhaa. Hapa yaachie yanapofika sentimita mbili, kwa kuyagusisha tu ukingoni mwa kisahani.

Kuonja kwenyewe

Ulimi unatambua mambo machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha, mwerezi, ngozi, karanga, kakao, mdalasini, ni kazi ya pua. Kwa hiyo anayevuta moshi na kuutoa mdomoni tu ameonja nusu ya biri yake.

Njia ni hii. Jaza mdomo moshi kidogo, uache uzunguke juu ya ulimi kwa sekunde mbili au tatu, kisha toa sehemu kubwa kupitia mdomoni. Funga mdomo. Kile kidogo kilichobaki kisukume kitokee puani kwa pumzi inayotoka, ukiguna taratibu bila kufungua midomo. Usivute pumzi ndani wakati huo, la sivyo utakohoa mpaka machozi yatoke. Mara ya kwanza itawasha. Punguza kiasi cha moshi mpaka iwe unasikia harufu bila maumivu. Huhitaji kufanya hivyo kila mvuto. Mara moja kila baada ya mivuto minne au mitano yatosha.

Ukipata kitu usichoweza kukitaja, usilazimishe jina. Jiulize kwanza maswali mapana: ni kitu kitamu au kikavu? Cha mbao au cha udongo? Kinakaa mbele ya ulimi au kooni? Kinadumu muda gani baada ya moshi kutoka? Majina ya kitaalamu utayazoea baadaye, na mengi yanayoandikwa na wachambuzi kuhusu matunda adimu unaweza kuyapuuza bila kupoteza kitu.

Kinywaji kiwe maji kwa mara za mwanzo. Kahawa isiyo na sukari inakubaliana vizuri na majani meusi. Pombe kali huifunika lansero yenye jani laini, na utaishia kuonja glasi.

Theluthi tatu

Wavutaji hugawanya biri katika theluthi, na kwa lansero mgawanyo huo unaonekana vizuri kwa sababu ya urefu. Lansero nzima huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu ukienda kwa mwendo uliotajwa.

Theluthi ya kwanza huwa nyepesi. Moshi unasafiri kwenye majani marefu yaliyo baridi, unapoa njiani na kuacha mafuta na nikotini zake humo. Jani la nje linasikika wazi zaidi hapa kuliko popote. Theluthi ya pili ndiyo tamu: majani yamepata joto, ladha za ndani zimeamka, na bado hakuna ukali. Kama biri yako imechanganywa kwa ustadi, utaona badiliko katikati ya theluthi hii, tuseme kutoka krimu kwenda viungo. Punguza maongezi hapo.

Theluthi ya mwisho moshi unapita kwenye majani yaliyobeba yote yaliyoachwa na moshi uliotangulia, na safari yake imefupika. Nguvu inapanda. Hapa ongeza muda kati ya mivuto hadi dakika mbili, na upulize nje kidogo kila mara ili kusafisha. Zikibaki sentimita nne hivi, au mapema zaidi ladha ikigeuka lami, acha. Usiikandamize kwenye kisahani. Iweke tu, itazima yenyewe, na haitatoa ile harufu kali ya kitako kilichopondwa. Ikishapoa kabisa, itupe nje ya nyumba.

Jaribio la kufanya baadaye

Ukishazoea mwendo, tafuta mchanganyiko mmoja unaotengenezwa kwa maumbo mawili, robusto na lansero, zenye jani la nje lilelile. Zivute siku mbili tofauti, saa ileile, kinywaji kilekile. Kwa kila moja andika mambo matatu tu: ladha ya kwanza puani, mahali ilipobadilika ukihesabu sentimita kutoka mguuni, na wakati ukali ulipoanza. Tofauti utakayoiona katika theluthi ya kwanza huenda kwa sehemu kubwa inatokana na jani la nje. Ikiwa robusto ndiyo iliyokupendeza, hapo hujui bado kama ni umbo au ni mwendo wako, kwa hiyo vuta lansero ya pili ukiongeza nusu dakika kati ya mivuto kabla hujaamua.